Kilichopita Kiganjani

Nyumbani
Jumatano, 4 Februari

Kaka,

Barua hii nimeiandika mara mbili. Ya kwanza nimeichana kwa sababu ilianza na machozi, nawe ungeisoma mbele ya watu. Hii inaanza na majibu.

Damu yako inaendana na ya Chiriku. Yangu haiendani, na baba yake ana sukari, kwa hiyo umebaki wewe, mjomba mtu. Daktari amesema wakikata kipande cha ini lako na kumwekea mtoto, chake kitakua naye na lako litajijaza tena. Lakini picha uliyopigwa kabla hujarudi kambini imeonyesha ini lako lina mafuta. Asilimia ishirini na mbili. Likizidi kumi hawaligusi, maana litakuhatarisha wewe na halitamfaa yeye. Niliuliza kama ni pombe, nikakutetea hapohapo kwamba huigusi. Akasema si lazima iwe pombe. Ni kula kuliko mwili unavyohitaji, wanga mwingi, sukari, mafuta, na kusimama mahali pamoja kutwa. Nikaona kama aliwahi kupita jikoni kwako.

Dawa yake ni sahani. Nusu iwe mboga za majani, robo iwe maharage au samaki au kuku bila ngozi, robo iliyobaki ndiyo ya wali au viazi. Mafuta kijiko kimoja cha chai. Chai bila sukari. Soda hapana, juisi pia hapana. Kula tunda lenyewe. Tembea dakika arobaini kila siku. Usijinyime mpaka uzirai, na usinywe dawa ya mtu yeyote anayesema anasafisha ini. Hayo mawili daktari ameyarudia, nami nimeyapigia mstari kwenye shajara.

Una kilo 94. Anataka ufike 86, taratibu. Picha ya pili ni Jumatano tarehe 13 Mei, wiki kumi na nne kuanzia leo. Baada ya hapo hataki kumsubirisha mtoto.

Najua huko simu yako kazi yake ni tochi tu, basi tutamtegemea dereva wa lori la vyakula kila Alhamisi. Ndani ya bahasha kuna utepe. Nimekata futi yangu ya kushonea pale kiuno chako kilipoishia nilipokushonea suruali: sentimita 108. Jizungushie kila wiki. Ncha zikianza kupandana, tunakwenda vizuri.

Chiriku hajambo. Macho bado ni ya njano, ila mdomo haujapumzika.

Mdogo wako,
Fundi

*

Kambini
Alhamisi, 5 Februari

Mdogo wangu Fundi,

Barua imefika pamoja na magunia kumi na mawili ya mchele, nami nimeisoma nimekalia moja. Nimeisoma tena. Halafu nimeenda kusimama nyuma ya jiko kidogo, moshi ukaniingia machoni. Umeelewa.

Mwambie daktari nimekubali, na hakukuwa na haja ya kuniuliza. Mtoto akitaka ini zima tutaelewana.

Utepe nimejizungushia. Ncha zimegusana kama wapenzi. Mizani ninayo: ile ya kupimia magunia, nimepanda juu yake watu wakacheka, mmoja akauliza kilo ya mpishi ni bei gani.

Ila usidhani ni kazi nyepesi. Napikia wanaume mia moja na arobaini wanaochimba barabara tangu alfajiri. Uji wao una sukari, mchuzi wao unaelea mafuta, na bila hivyo watanipika mimi. Kwa hiyo nitawapikia chao, na changu nitakitenga kwenye sufuria ndogo. Leo mchana nimekula kabichi, karoti, maharage na wali kiasi cha ngumi ya mtoto. Mzee Kimya, yule anayeosha masufuria, ameitazama sahani yangu, akasema, "Unaumwa?" Kwa mtu anayesema maneno matano kwa siku, hiyo ni hotuba.

Jioni nitatembea mpaka kwenye kijiko, ule mtambo wa kuchimbia, na kurudi. Nimekadiria dakika arobaini na tano.

Mwambie Chiriku mjomba wake anamfugia ini.

Kaka yako,
Mpishi

*

Nyumbani
Jumatano, 25 Februari

Kaka,

Nimeandika: tarehe 12, kilo 93. Tarehe 19, kilo 91 na nusu. Hivyohivyo.

Umesema umechoka na kabichi. Chemsha dengu mpaka zivurugike, tia kitunguu, nyanya, tangawizi na ndimu. Kitunguu usikikaange, kiweke kwenye sufuria kavu, kikishika chini nyunyizia maji kijiko kimoja, koroga, rudia mpaka kiwe na rangi. Hutaukosa utamu, utayakosa mafuta tu. Samaki mfunge kwenye jani na ndimu na kitunguu saumu, mweke juu ya makaa. Baba Chiriku amekula hivyo wiki nzima kwa ajili ya sukari yake, na ameacha kununa siku ya nne.

Chiriku hajambo, anakusalimu. Anauliza ini linafugwa kwa majani gani.

Fundi

*

Kambini
Alhamisi, 12 Machi

Mdogo wangu,

Kilo 91. Wiki iliyopita 91. Wiki ya kabla yake 91. Nimedhani mizani imekufa, nikaiwekea gunia la kilo hamsini, ikasema hamsini. Mizani ni nzima, mgonjwa ni mimi.

Sahani ni ileile uliyoniagiza. Natembea mpaka viatu vimeanza kucheka. Ncha za utepe zimepandana upana wa vidole viwili, zikakwama hapo.

Kuna fundi mitambo hapa anayo chupa ya maji ya mizizi, anasema inasafisha ini kwa siku saba. Sijainywa. Lakini chupa naiona kila nikipita, nayo inaniona.

Mpishi

*

Nyumbani
Jumatano, 18 Machi

Kaka,

Ukiigusa chupa hiyo usiniite mdogo wako. Daktari ana wagonjwa walioingia kwa miguu yao baada ya chupa kama hizo, wakashindwa kutoka.

Sasa nitasema ninachokifikiri. Nimekaa na shajara nikajumlisha kila ulichoniandikia kwamba umekula. Mtu anayekula hivyo, akatembea hivyo, hawezi kukaa 91 wiki tatu. Hesabu haikubali. Kwa hiyo kuna chakula kinapita ambacho hukiandiki. Nakujua, kaka. Ulipokuwa na miaka kumi na moja uliapa mbele ya mama kwamba hukula mkate, na makombo yalikuwa kwenye nyusi.

Sikukasirikii kula. Ninachoogopa ni kudanganywa, kwa sababu picha ya tarehe 13 Mei haitadanganyika.

Andika kila kitu kinachoingia mdomoni. Kila kitu.

Fundi

*

Kambini
Alhamisi, 19 Machi

Fundi,

Nimeandika kila kitu. Hakuna zaidi.

Mimi ni mtu mzima wa miaka arobaini na sita. Nalala njaa katikati ya masufuria matatu yaliyojaa, kisha dada yangu aliyezaliwa nikiwa tayari najua kuwasha moto ananiita mwizi wa mkate. Mkate ule nilikula. Hiki sijakila.

Msalimie mtoto.

Mpishi

*

Nyumbani
Jumatano, 25 Machi

Kaka,

Nisamehe. Nimekosa, na nimekosa kwa wino.

Ijumaa dereva alipoileta barua yako nilimkaribisha chai. Nikamuuliza, huyo kaka yangu anakula nini huko. Akasema, "Kula? Simwoni akila. Sahani yake hata mbuzi ataionea huruma." Nikafurahi na nikaumia pamoja. Halafu akaongeza, akicheka, "Ila kwa kuonja, hajambo. Anaonjea kiganjani mpaka mistari ya mkono imefutika."

Kikombe nilikiweka chini.

Nimekuona maisha yangu yote ukiinua mwiko, ukidondosha mchuzi kwenye kiganja cha kushoto, ukilamba, ukitikisa kichwa, ukiongeza chumvi, ukidondosha tena. Sijawahi kukiita kula, na najua wewe pia hujawahi. Ndiyo maana hukukiandika, na ndiyo maana hukunidanganya.

Fanya hivi siku moja tu. Chukua bakuli. Kila unapoonja, dondosha kiasi kilekile ndani ya bakuli. Kiganja kimoja kwako, kimoja kwa bakuli. Ukipasua kiazi kuona kama kimeiva ukala nusu, nusu nyingine iende huko. Usibadilishe chochote. Jioni pima. Chiriku hajambo.

Fundi

*

Kambini
Alhamisi, 2 Aprili

Mdogo wangu,

Sikukujibu wiki iliyopita. Lori lilipoondoka bakuli lilikuwa bado tupu.

Nilianza kesho yake, saa kumi na moja alfajiri, nikicheka. Uji: viganja vitatu, kwa sababu sukari ilichelewa kuyeyuka. Maharage ya mchana: viganja vinne, na maharage machache ya kutafuna kuona kama yameiva. Wali: kijiko kutoka kila sufuria, na ukoko wa sufuria la tatu, maana ukoko ndio unaosema kama moto ulikuwa sawa. Mchuzi: sikumbuki. Hapo ndipo nilipoacha kucheka. Mkono ulikuwa unakwenda wenyewe, nami naufuata na bakuli kama mtu anayemfuata mlevi nyumbani. Saa sita bakuli lilijaa, nikachukua la pili.

Jioni nilipima. Kilo moja na gramu mia tatu. Yalipopoa, mafuta yaliganda juu, meupe, unene wa ukucha.

Mzee Kimya alikuja kuyachukua ayaoshe. Akauliza, "Ya nani?" Nikasema ni yangu, nimeyala leo. Akayatazama, akanitazama. Akasema, "Na chakula je?"

Fundi, miaka kumi na tisa sijatoa sufuria jikoni bila kulionja. Mzee aliyenifunza kazi alisema kwamba mpishi asiyeonja ni kinyozi aliyefumba macho. Na kila mwaka suruali zilikuwa zikibana, nami nikilaumu maji ya kufulia.

Wiki saba zimepotea. Zimebaki sita. Tangu Jumamosi sijaonja kitu.

Mpishi

*

Nyumbani
Jumatano, 8 Aprili

Kaka,

Hazikupotea. Ulipungua kilo tatu huku bakuli likiwa mgongoni.

Chumvi pima kwa kijiko. Najua hujawahi. Pima mara moja, andika, halafu rudia. Mimi sikati kitambaa kwa kukisia.

Chiriku hajambo. Amekuandikia mwenyewe. Karatasi yake ameishona kwa uzi ili nisiisome, na sijaisoma.

Fundi

*

mjomba shikamoo

mama amesema unafuga ini bila kulamba mkono. mimi nimelamba dawa nne leo, mbaya zote. kitanda changu kina magurudumu, dada muuguzi akitaka anakisukuma hadi dirishani naona gari. mama analala kwenye kiti. anasema nisikwambie kiti. ini likiwa tayari usichelewe.

chiriku

*

Kambini
Alhamisi, 9 Aprili

Fundi,

Nyumbani kwako hakuna kitanda chenye magurudumu.

Tangu lini?

Uliniandikia hajambo tarehe 25 Februari, hajambo tarehe 25 Machi, hajambo jana. Ulinitaka niandike kila kinachoingia mdomoni, nawe ukafunga wako. Mficha maradhi kilio humuumbua, na hayo si maneno yangu, ni ya mama.

Nimelamba ndimu moja leo. Ni hiyo tu. Nimeiandika.

Mpishi

*

Hospitali, wodi ya watoto
Jumatano, 15 Aprili

Kaka,

Tangu tarehe 2 Machi. Tumbo lilijaa maji. Walilitoa, likarudi, wakalitoa tena. Barua zote tangu hapo nimeziandikia kwenye kiti hiki na juu nikaandika Nyumbani; huko napita Ijumaa tu, kupokea barua kwa dereva.

Nilikuficha kwa sababu nakujua. Ungejua, ungeacha kula kabisa. Daktari alinionya kwamba mtu akijifungia chakula ghafla ini linaweza kuumia zaidi, na hapo tungewakosa nyote wawili. Lakini nilipokuita mwongo tarehe 18 Machi, mwongo alikuwa anayeandika. Nimeliandika hilo kwenye shajara bila kulipunguza.

Sasa unajua kila kitu. Amekonda mikono. Anaongea bado, ila anapumzika katikati ya sentensi. Daktari anasema tarehe 13 Mei inafikika, na kwamba akishuka zaidi kabla ya hapo hawatasubiri zamu ya mtu, watatafuta kwingine, na kwingine hakuna.

Kwa hiyo kula, kaka. Kula sahani yako, yote, kila siku. Usiongeze na usipunguze.

Fundi

*

Kambini
Alhamisi, 30 Aprili

Mdogo wangu,

Kilo 87. Ncha za utepe zimepandana upana wa kiganja. Kiganja kikavu.

Nikueleze yaliyotokea. Wiki tatu za kwanza nilizopika bila kuonja, watu walikula chumvi siku moja na maji siku ya pili. Nilifuata kijiko chako, lakini chumvi ya gunia hili si kali kama ya lile, na maharage ya lori hili yanakunywa kuliko yale. Jumatatu ya wiki iliyopita msimamizi aliniita. Akasema watu wanalalamika, na kwamba kuna mpishi mwingine anaomba kazi. Akauliza kama naumwa.

Nilitaka kusema hapana. Nikakumbuka habari za kuficha.

Wakati wa chakula cha mchana nilisimama juu ya kreti nikawaambia watu wote. Nikasema nina mpwa anayesubiri kipande cha ini langu, na ini lenyewe nimelinenepesha kwa kuwaonjea ninyi. Mmoja nyuma akasema, "Kwa hiyo mchuzi wa jana tumsingizie mtoto?" Wakacheka, nami nikacheka. Halafu Mzee Kimya akainuka kwenye beseni lake la masufuria, akakausha mikono, akaja akanyoosha kiganja. Nikainua mwiko nikamdondoshea.

Fundi, mwiko ule sijawahi kumpa mtu. Akalamba, akafumba macho, akasema, "Haijafika." Nikaongeza nusu kijiko. "Bado." Nikaongeza. Akarudi kuosha masufuria yake bila kusema imetosha, nikajua imetosha.

Tangu siku hiyo yeye ndiye ulimi, mimi ni pua na mikono. Amekonda kama ufito miaka yote hiyo, naye anahitaji hicho kiganja kuliko mimi. Msimamizi amekula sahani mbili jana.

Wiki ijayo napanda lori. Mwambie Chiriku sichelewi.

Mpishi

*

Hospitali
Alhamisi, 14 Mei

Kwa Mzee Kimya, jikoni kambini,

Shikamoo mzee wangu. Hatujaonana, ila kaka yangu ameomba uwe wa kwanza kujua. Jana walimpiga picha. Kilo 85 na nusu. Mafuta kwenye ini ni asilimia saba. Daktari aliisoma namba hiyo mara mbili kwa sauti kwa sababu mimi nilimwomba.

Watafanya upasuaji Jumanne tarehe 2 Juni, wote wawili siku moja. Kaka atakaa huku miezi. Anauliza mwiko uko kwa nani.

Nakushukuru kwa kiganja chako.

Mdogo wake,
Fundi

*

Kambini
Alhamisi, 28 Mei

Marahaba.

Mwiko uko kwangu. Chumvi napima, naonja mara moja. Watu wanakula.

Arudi akipona, si kabla.

Kimya

*

Wodi ya wanaume, kitanda cha 6
Ijumaa, 5 Juni

Fundi,

Milango kumi na miwili kati yetu, nimeihesabu kwenye mchoro ulioko ukutani, na siruhusiwi kupita hata mmoja. Nimekubaliwa kukaa wima dakika kumi. Dakika hizi nazitumia kukuandikia, na muuguzi ameahidi kuivusha karatasi.

Upande wangu unauma kama nimepigwa teke na punda aliyesoma anatomia. Wanasema lililobaki ndani limeanza kukua. Asubuhi wameniletea supu nyepesi. Mkono wa kushoto umefunguka wenyewe juu ya shuka, kiganja juu, unasubiri. Nimeutazama, nikaufunga, nikatumia kijiko kama watu wengine.

Nao wote wanaopita hapa nawauliza kuhusu Chiriku, wote wananijibu "anaendelea". Anaendelea wapi? Hilo ni jibu la mtu anayeficha. Wewe uliniahidi hutaficha tena.

Nataka jambo moja tu. Amekula?

Mpishi

*

Chumba cha uangalizi
Jumamosi, 6 Juni, saa mbili asubuhi

Kaka,

Siku tatu hakula na nilikuwa sina la kukuandikia. Sasa ninalo.

Leo saa moja na dakika ishirini: supu, vijiko vitatu. Cha nne amekikataa. Weupe wa macho umeanza kuwa mweupe.

Amesema haijafika chumvi.

Fundi